Sanduku la Bob 42,000

Jumapili moja mwaka jana nilialikwa kwa jamaa mmoja South B kushuhudia sanduku likifunguliwa. Halikuwa sanduku la mahari wala la mtu aliyerudi kutoka majuu. Lilikuwa sanduku la albamu ya roki iliyotoka kabla mamangu hajazaliwa. Ilikuwa imetolewa upya, ikasafirishwa kutoka Uingereza, ikalipiwa ushuru, na gharama yote ikafika bob 42,000. Tulikuwa wasee saba kwa ile sitting room. Mwenyeji alinawa mikono, akaikausha kwa taulo safi, akakata nailoni kwa wembe polepole kama daktari. Ndani mlikuwa na santuri mbili, CD mbili, kitabu kizito cha picha, bango, na kadi yenye nambari ya kupakulia nyimbo zilezile kutoka kwa intaneti. Tukapitisha kitabu mkono kwa mkono. Kuna mtu alikinusa.

Nikauliza, "Sasa, tuweke?"

Mwenyeji aliniangalia kana kwamba nimeomba kukatia sukuma wiki juu ya hilo sanduku. "Hii haichezwi, bro. Hii ni ya kuweka." Kisha akachukua simu, akatafuta albamu hiyohiyo, na tukaisikiliza kupitia kaspika kadogo ka Bluetooth, matangazo yakiingia katikati.

Siku hiyo imenikaa rohoni mpaka leo. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mna masanduku kama hayo, au mnaweka akiba ya kununua la kwanza. Mtanisamehe. Naona biashara ya kutoa upya albamu za roki na bluzi za zamani imetufundisha kupenda karatasi na nambari za toleo, ikatusahaulisha swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi akapunjwa angeuliza kabla ya yote: mwenye jasho alilipwa?

Tuanze na kilichomo ndani ya sanduku. Mwaka 2014 Led Zeppelin walianza kutoa upya albamu zao zote, moja baada ya nyingine. Toleo la kifahari kabisa lilikuwa na albamu kwenye CD, albamu ileile kwenye santuri, kadi ya kuipakua albamu ileile, majaribio ya studio kwenye CD na kwenye santuri, kitabu cha kurasa zaidi ya 70, na picha ya jalada. Nakala 30,000 za kwanza zilipigwa nambari. Hesabu mwenyewe. Wimbo mmoja umelipiwa mara tatu ndani ya boksi moja, na aliyenunua anashukuru kwa sababu boksi lake ni nambari 11,406. Ukiwa na viatu vitatu vya mguu mmoja, watu watakuonea huruma. Ukiwa na albamu moja mara tatu, unaitwa mkusanyaji.

Si kwamba mashabiki ni wajinga. Kampuni zina akili. Wimbo hauchakai kama suruali, kwa hivyo aliyekwisha kuununua hana sababu ya kurudi dukani, na sababu hiyo inabidi itengenezwe. Miaka ya 80 walisema santuri imepitwa na wakati, nunua CD. Baadaye wakasema CD za kwanza zilikuwa na sauti mbovu, nunua zilizosafishwa upya. Sasa wanasema kumbe santuri ndiyo ilikuwa na sauti tamu siku zote, rudi ununue, na safari hii ni nzito, gramu 180. Babu aliyenunua mara ya kwanza mwaka 1969 amezungushwa mpaka akarudi mlangoni alikoanzia, amebeba risiti nne.

Kabla hamjanirukia, wacha niseme nilivyofika hapa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na sababu ni ileile ya wengi, fee. Nikaingia kwa kazi ambayo vijana wengi wa mji huu wanaijua na hawaitaji mbele ya wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Si kazi ya kujisifia, na sijisifu. Mwenye akaunti alikuwa ananilipa bob 300 kwa ukurasa. Usiku mmoja ikaingia oda ya kurasa 8 kuhusu Bessie Smith na bluzi za miaka ya 20. Sikuwa nimewahi kumsikia. Niliweka nyimbo zake kwa earphone ndiyo nipate cha kuandika, na kufika saa tisa usiku nilikuwa nimeacha kuandika, nasikiliza tu.

Ila kilichonimaliza ni mkataba wake. Bessie Smith aliingia studio ya Columbia mwaka 1923, na rekodi yake ya kwanza ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Kwa miaka kumi alirekodi nyimbo 160 hivi. Alilipwa kwa kila wimbo, mara moja, bila mrabaha. Iuzwe moja, iuzwe milioni, chake kilikuwa kilekile. Alikufa mwaka 1937 baada ya ajali ya gari huko Mississippi. Maelfu ya watu walimzika, lakini kaburi lake lilikaa bila jiwe miaka 33. Jiwe lilipowekwa mwaka 1970, wenye kutoa pesa walikuwa Janis Joplin, mwimbaji wa roki, na Juanita Green, mama ambaye akiwa mtoto alikuwa akisugua sakafu ya nyumba ya Bessie.

Mwaka uohuo wa 1970, Columbia walianza kutoa upya nyimbo zote za Bessie Smith, albamu tano za santuri mbilimbili. Dunia ikapiga makofi. Mtoto wake wa kulea alienda mahakamani kudai fungu la familia, na mwaka 1979 mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania ikaitupa kesi, sababu kubwa ikiwa kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita. Ona hiyo vizuri. Muda wa kudai ulikuwa umepita. Muda wa kuuza haukuwa umepita, na haujapita mpaka leo.

Nikamaliza kurasa zangu 8 alfajiri. Mwanafunzi sijui jina lake, naye hajui langu. Yeye alipata gredi, mwenye akaunti akapata dola zake, mimi nikapata M-Pesa ya 2,400. Insha ile kama imeuzwa tena mara kumi mimi sina habari na sina changu. Sijifananishi na Bessie Smith, sina hata kucha ya sauti yake. Lakini mtu aliyelipwa kwa kipande halafu jina likatolewa anajua harufu ya mkataba wa namna hiyo, hata ukiwa umefungwa kwa nailoni. Lile sanduku la South B, kwa bei yangu, ni kurasa 140.

Sasa mtaniambia, hiyo ni ya zamani, siku hizi mambo yamenyooka. Haya, twende kwa Robert Johnson, maana kila mkusanyaji akitaka kunishinda humtaja yeye. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 pekee, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Columbia walimtoa kwa santuri mwaka 1961, na vijana wa Uingereza waliokuja kuwa nyota wa roki wakajifunza gitaa kutoka kwake. Mwaka 1990 likatoka sanduku la CD mbili lenye kila alichorekodi, likauzwa zaidi ya nakala milioni moja na kupata Grammy. Mwaka 2011, alipotimiza miaka 100 tangu azaliwe, likatoka lingine la kifahari lenye santuri ndogo zilizoigwa kama za zamani, nakala 1,000 tu duniani. Jamaa alikuwa anatembea na gitaa akipiga kwa vichochoro na vilabu vya mashambani ili ale. Hata kaburi lake halijulikani kwa uhakika, kuna mawe matatu katika makaburi matatu. Lakini sanduku lake lina nambari.

Na hapa lazima niwe mkweli, maana hoja ya kuficha nusu ni uongo. Sanduku la 1990 lilileta pesa za kweli, na pesa hizo zilifanya warithi watafutwe. Claud Johnson, dereva wa lori la kokoto kutoka mji mdogo wa Mississippi, alikuwa amesema siku zote kwamba Robert Johnson ni babake. Mwaka 1998 mahakama ikamkubali kuwa mrithi, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha. Ushahidi mkubwa ulitoka kwa ajuza mmoja aliyekuwa rafiki wa mamake Claud tangu usichana. Claud alikuwa na miaka karibu 70. Kwa hivyo ndiyo, sanduku linaweza kumlipa mtu. Lakini hesabu miaka kutoka Dallas 1937 mpaka hukumu hiyo, kisha uniambie nani alikuwa anakula katikati. Isingekuwa kumbukumbu ya bibi mmoja mzee na mwana aliyekataa kunyamaza, mrabaha huo haungefika kwa huyo dereva, na kile kitabu cha picha kingechapishwa tu, kwa wino uleule mzuri.

Halafu kuna Willie Dixon. Huyu alikuwa mtunzi wa Chess Records ya Chicago, mtu aliyewaandikia Muddy Waters na Howlin' Wolf nyimbo zilizowatambulisha. Led Zeppelin walipotoa albamu yao ya pili mwaka 1969, wimbo wake mkubwa, "Whole Lotta Love", ulibeba maneno kutoka wimbo wa Dixon uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuwepo. Alishtaki mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987, na matoleo ya baadaye yakaanza kumtaja. Dixon alianzisha wakfu wa Blues Heaven kusaidia wanamuziki wa bluzi kudai haki zao, na baada ya kifo chake mkewe alinunua jengo la Chess likawa makao ya wakfu huo.

Sasa angalia kichekesho. Mkusanyaji wa roki hulipa zaidi kwa nakala ya kwanza ya albamu, ile ya 1969, kuliko zilizofuata. Ya kwanza ndiyo anaiita halisi. Yaani nakala yenye thamani kubwa sokoni ndiyo ile ambayo jina la Dixon halimo. Sijui kama kuna mtu alipanga hivyo, nadhani hakuna. Soko halihitaji mtu apange ubaya. Linahitaji tu sisi tusisome maandishi madogo.

Jibu ninalopewa kila mara ni hili: "Sisi tunahifadhi." Sawa, tuliangalie kwa heshima, kwa sababu kuna watu walihifadhi kweli. Kampuni ya Paramount ya Wisconsin, iliyowarekodi Charley Patton, Son House na Skip James, ilifungwa na vibao vyake vya chuma vya kuchapia santuri vikauzwa kama vyuma vikuukuu. Kama mtu wa mkokoteni angepita mtaani kwenu akanunua historia kwa kilo. Leo tunamsikia Patton kwa sababu wakusanyaji walienda kijiji kwa kijiji kusini mwa Marekani, wakibisha milango na kuuliza wazee kama wana santuri za zamani chini ya kitanda. Baadhi ya nyimbo zimebaki kwa nakala moja au mbili duniani, zimekwaruzika, sauti inakuja kama mtu anaimba huku anakaanga samaki. Sanduku la Patton la CD 7 lililotolewa na kampuni ndogo ya Revenant mwaka 2001 lilijengwa juu ya kazi hiyo. Hilo nalivulia kofia.

Lakini wewe mwenye nakala nambari 11,406 kati ya 30,000, umehifadhi nini? Kama nyumba yako ingeungua kesho, Mungu apishie mbali, dunia haingepoteza noti hata moja ya muziki. Umehifadhi bidhaa. Uhifadhi wenyewe unafanyika kwenye maghala ya kampuni, na tumeona wanavyouchukulia. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala moja ndani ya Universal Studios, Hollywood, lililokuwa na kanda asili za Universal Music, kampuni inayomiliki urithi wa Chess. Umma haukuelezwa uzito wa jambo hilo mpaka gazeti la New York Times lilipoliandika mwaka 2019, miaka 11 baadaye. Kampuni inabisha kuhusu ukubwa wa hasara, wacha ibishe. Miaka yote hiyo 11 masanduku yaliendelea kutoka, na hakuna kitabu cha picha kilichokuwa na ukurasa wa majivu.

Mtu atauliza, sasa haya ya Wamarekani na Waingereza yanakuhusu nini wewe wa Githurai? Yananihusu kwa njia ambayo inaanzia Kericho. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji mzungu wa Mississippi, aliyechukua bluzi za watu weusi akazichanganya na mtindo wake wa kupandisha sauti koo likikatika. Alikufa mwaka 1933. Santuri zake zilifika huku enzi za ukoloni na kusikika kwenye gramafoni miongoni mwa Wakipsigis, na jina lake likageuka kwa ulimi wa wenyeji: Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Ukiusikia, utajua kwamba hao wasichana hawakuwa wanaiga mtu. Walimchukua mgeni wakamfanya wao.

Sasa linganisha. Jimmie Rodgers ana sanduku lake, CD 6, lililotolewa na Bear Family ya Ujerumani mwaka 1992, kila kitu kimepangwa kwa tarehe. Wale wasichana kanda yao ilienda Afrika Kusini, ikahifadhiwa vizuri kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakawa wanaisikia. Kurudishwa Kericho kwa wenyewe ilichukua zaidi ya miaka 60. Miaka 60! Msichana amekuwa nyanya. Ila watu wa maktaba hiyo walirudi kweli, wakishirikiana na Wakenya, wakawatafuta wazee, wakawawekea nyimbo zao wakasikiliza. Mimi nikisikia neno kuhifadhi, hicho ndicho ninachokifikiria: mtu amebeba sauti akairudisha kwa mwenyewe, akaiweka, watu wakasikia.

Kwa hivyo sitawaambia mchome masanduku. Siombi hata muache kununua. Pesa ni zenu, na mtu aliyepigwa na kazi wiki nzima ana haki ya kujifurahisha bila kuniandikia barua. Naomba mambo manne, na hayana gharama.

Kwanza, kabla hujatoa doo, uliza kama humo ndani kuna kitu cha kusikia ambacho huna. Kama jibu ni bango, nunua bango.

Pili, soma majina ya watunzi kwenye maandishi ya ndani, halafu ulinganishe na toleo la kwanza. Jina likiwa limeongezwa, tafuta kwa nini. Mara nyingi nyuma ya jina hilo kuna kesi, na kesi hiyo ina hadithi kuliko kitabu chote cha picha.

Tatu, tafuta kama familia inapata kitu. Kuna kampuni ndogo zinazotoa upya kazi za zamani na kusema waziwazi zimelipa nani. Zinunue hizo hata kama boksi lao ni jembamba. Zilizo kimya, ziulize hadharani. Mnajua kumtag mtu akikosea chenji ya bob 50, mtashindwa na hii?

Nne, chezeni hiyo kitu. Santuri isiyochezwa ni sahani. Bessie Smith hakusimama mbele ya pembe ya kurekodia pale New York ili msee wa South B awe na kitu cha kuweka kwenye rafu karibu na runinga. Aliimba ili asikike, na kaburi lake likakaa miaka 33 bila jiwe. Kama hatuwezi kumlipa tena, walau tusimnyamazishe mara ya pili kwa nailoni.

Na wewe mwenyeji wangu, najua unasoma, kwa sababu wewe ndiye uliyenionyesha gazeti hili. Chai yako ilikuwa tamu na watu wako ni wazuri, sijasahau. Jumapili ijayo nitapanda mathree mpaka kwako, nitaleta mandazi na sindano mpya ya hiyo mashine, nimeshaulizia bei Soko la Kenyatta. Wewe toa sanduku kwa rafu, fungua madirisha ili hata jirani wa chini asikie.

Tuweke.